Mkono Uliobaki Sakafuni

Mabati mapya hulia jua likipanda. Yeyote aliyewahi kujilaza mchana chini ya paa jipya kule kwetu Bungoma, mwezi wa Januari au Februari, anaijua sauti hiyo: ta, kimya, kisha ta-ta, kama mtu anayebisha mlango kwa kifundo cha kidole kimoja bila haraka. Mimi sababu yake niliipata Kitale, kwa fundi wa paa niliyemshikia ngazi msimu mmoja. Bati likipata joto hutanuka, na kwa kuwa msumari umelikamata, hulia. Hakuna zaidi. Nilimweleza baba hivyo hivyo, nikachukua kipande cha bati kilichosalia nikakiweka juu ya jiko la makaa ili aone mwenyewe.

Alikitazama mpaka kikalia. Kisha akasema, "Hilo ni bati. Mimi ninakuambia habari ya mama yako."

Mama alikuwa amefariki Februari ya mwaka uliotangulia. Siku hizo mimi nilikuwa ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda, nikibeba vitunguu vya watu, na simu yangu ilikuwa imeanguka mtoni. Habari zilinifikia baada ya wiki mbili, kupitia mwanamke wa kwetu aliyekuja kununua ndizi. Alinipa pole kwanza, halafu akaona usoni mwangu kwamba sikujua napewa pole ya nini. Nilipofika nyumbani nilikuta udongo wa kaburi umeanza kupasuka kwa jua, na nyumba ambayo sikuitambua.

Kwetu mtu akifa, nyumba yake huvishwa. Kati ya siku ya kifo na siku ya mazishi watu hufanya kazi ambayo haikufanywa miaka thelathini, maana wageni watatoka mbali na hawafai kukuta aibu. Dada yangu mkubwa, anayeishi Kitale na kuuza mbegu na dawa za mifugo, aliongoza kazi. Waliondoa mabati ya zamani yaliyokuwa yamegeuka rangi ya chai. Wakashusha dari ya magunia iliyojaa masizi. Wakapaka kuta rangi, na juu ya sakafu ya udongo ambayo mama aliisiriba kwa mikono yake tangu alipoolewa, wakamwaga simiti. Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba mchanga kwa kazi kama hiyo katika maboma ya watu wengine. Nyumba nyingi za simiti ninazozijua upande ule zilipata simiti hiyo kwa ajili ya jeneza.

Nilikaa siku tatu, nikaondoka. Huo ndio ugonjwa wangu. Niliacha shule darasa la saba kwa sababu nilitaka kuona lori la mahindi lilikuwa linaenda wapi, na mpaka leo sijaacha kulifuata.

Januari iliyofuata dada alinikuta Kitale, ghalani, nikishona midomo ya magunia. Alisimama pale mlangoni na mkoba wake, vumbi la mahindi likimtua kwenye nywele alizotoka kusukwa, na hakunisalimia.

"Mzee halali," alisema. "Anasema mama anabisha mlango mchana na hawezi kuingia. Usiku anakaa kitini mpaka kunakucha. Chakula anawapa kuku."

Nilimuuliza kama amempeleka hospitali. Alisema amempeleka, presha ni ya kawaida kwa umri wake, na mchungaji pia amekuja, ameomba, ameondoka, na saa saba ya siku ile ile mlango ukabishwa. Yeye alikuwa ameamua. Mvua zikianza, akishamaliza kuuza mbegu, angekuja na gari.

"Nikimkuta analala na anakula, namwacha. Nisipomkuta hivyo namleta huku Kitale, apende asipende."

"Yeye amesemaje?"

"Ati akitoka pale, atatoka kwa jeneza." Alijipangusa vumbi begani. "Na wewe ndiye mtu pekee katika ukoo huu ambaye akiondoka mahali hakuna anayeuliza ameenda wapi. Si uende ukae naye?"

Wenzangu waliokuwa wakipanga magunia walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikafunga uzi, nikakata, nikaenda kuchukua begi langu.

*

Kitale asubuhi ya Januari bado unavaa sweta. Ukishuka Bungoma unaivua kabla ya saa nne, na kufikia saa sita joto limeingia ndani ya nyumba na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nyumba yetu ilikuwa mbaya zaidi kuliko nyingi. Bila dari, mabati yalimwaga moto moja kwa moja vichwani. Sakafu ilimeta machoni, kila kikombe kilichowekwa chini kilipiga kelele, na kuta za rangi mpya zilinuka kama duka. Baba alikuwa amesogeza kiti chake karibu na mlango. Nguo zake zilimlegea. Alinitazama begi kwanza, akapima ukubwa wake, nadhani ili ajue nitakaa siku ngapi.

Nilikuwa na wiki nane hivi kabla ya mvua. Nilijua jambo moja tu: mtu asiyepumzika ndani ya nyumba yake hawezi kuitetea. Kama baba angelala na kula, angebaki. Basi nikaanza na joto, kwa kuwa mabati nilikuwa ninayajua, na mambo ya wafu siyajui.

Katika kutangatanga kwangu nimeokota mengi kuhusu nyumba za watu. Kapsokwony nilichimba viazi kwa mwanamke aliyelala mchana na mlango umefungwa lakini kidirisha kidogo cha nyuma kiko wazi, na nyumba yake ilivuta hewa kama mtu aliye usingizini. Kitale niligongelea mbao dari za nyumba za wakulima waliotoka Uganda na Kenya ya kati zamani, watu wanaojali sana baridi, na nikaona kwamba kinachozuia baridi usiku huzuia na joto mchana. Mshonaji mmoja wa sokoni alitundika leso mbichi mlangoni, upepo ukipita unapoa. Nilidhani nitayatumia hayo yote. Nilipoanza, nikagundua kwamba mikono yangu inafanya mambo ya mama, kwa saa zake, hata kabla sijakumbuka kwamba yalikuwa yake.

Mama aliamka kabla ya jua na kufungua kila dirisha, baridi ya alfajiri iingie na kukaa. Ng'ombe wakishapelekwa mtoni, alifunga madirisha yote na kushusha mapazia. Sisi watoto tulilalamika kwamba ni giza. Alisema jua ni jirani mzuri lakini halialikwi ndani. Alipika mapema, na kati ya saa tano na saa tisa hakuna moto uliowashwa pale nyumbani hata kwa chai. Maji ya kunywa yalikaa ndani ya mtungi wa udongo, juu ya mchanga aliouloanisha, mdomo wa mtungi umefunikwa kwa sahani ya mbao, na kibuyu kidogo cha kuchotea kikining'inia pembeni. Na saa kumi alinyunyizia ua maji. Hakumwaga. Ukimwaga, alisema, ardhi inakutemea moto usoni. Alichovya vidole kwenye beseni na kurusha, kama anayelisha kuku, akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Na ugomvi wowote, hata wa haki, uliambiwa ungoje jioni.

Nilifanya hivyo vyote. Nilishona magunia nikatengeneza dari, kazi niliyoijua vizuri, na sauti ya mabati ikapungua ikawa kama inatoka chumba cha jirani. Nilienda sokoni nikatafuta mtungi, maana ule wa zamani ulivunjika siku ya mazishi. Siku ya kwanza nilipounyunyizia ua maji, harufu ya vumbi lililoloa ikapanda, na nikasikia nywele za shingo zikisimama. Harufu ile haikunikumbusha mama. Alikuwa amefika. Niligeuka nikamkuta baba amesimama mlangoni bila fimbo, macho yakitazama juu ya kichwa changu. Alisalimia kwa Kibukusu, salamu ya mtu aliyetoka shambani. Sikuitikia. Haikuwa yangu.

Jioni ile alikula.

Lakini hakulala ndani. Nilimbembeleza ajinyooshe mchana, nikamtandikia mkeka pale penye hewa. Alijilaza kwa ajili yangu, macho yamefunguka, na bati lilipolia akaketi.

"Hawezi kuingia," aliniambia. "Miguu yake haiijui simiti. Anafika hapo kizingitini, anaona ni kwa wengine, anabisha kama mgeni."

Basi nikafanya kitu ambacho bado wananichekea. Niliokota mavi ya ng'ombe, nikachanganya na maji, nikaisiriba simiti. Nilipaka chumba chote, nikifikiri kwamba nikiificha atarudi kuijua nyumba yake. Mke wa ndugu mdogo wa baba, ambaye tunamwita mama mdogo na ambaye bustani yake ya mboga inapakana na ua wetu, alikuja na sufuria ya ugali akasimama mlangoni.

"Wewe kijana," alisema, "uliona wapi mtu akisiriba simiti? Kesho utasiriba meza?"

Siku ya tatu yote ilikauka ikajikunja kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, tukaifagia kwa ufagio. Mama mdogo alinionea huruma. Alinifunza vipimo: mavi mabichi ya asubuhi, udongo mwekundu uliochekechwa, jivu kidogo la kufukuza viroboto, maji mpaka mchanganyiko udondoke vidoleni bila kukimbia. Udongo hushika udongo, alisema. Simiti haishiki kitu, hata mtu.

Nilipaswa kumuuliza maswali zaidi. Mimi ambaye huuliza kila kitu sikumuuliza lile moja.

*

Ilikuwa mwishoni mwa Februari nilipogundua baba huenda wapi. Kila siku, saa ya mabati, alichukua fimbo akasema anaangalia kuku. Nilimfuata. Alikuwa anaenda jikoni.

Jiko la mama ni kibanda cha pembeni, cha udongo na nyasi. Wakati wa mazishi hawakukigusa, kwa kuwa mapishi ya umati ule yalifanywa nje kwenye mafiga makubwa, na hakuna mgeni wa maana aliyetarajiwa kuchungulia ndani. Nilimkuta baba amekaa chini karibu na mlango, mgongo ukutani, miguu imenyooka, kiganja kimoja kimelala sakafuni. Alikuwa amefumba macho. Kinywa kilikuwa wazi kidogo. Alikuwa analala.

Nilisimama pale nikihesabu pumzi zake. Nilifurahi kama mtu aliyepata njia iliyopotea. Ndani mlikuwa na ubaridi wa nyasi na giza zuri, na hakuna kilicholia. Niliona kwamba jibu lilikuwa hapa siku zote: nitamhamishia kitanda jikoni, nyumba kubwa ibaki ya wageni. Kisha nikaiangalia sakafu kwa jicho la fundi. Ilikuwa imefifia, ina nyufa, ina vumbi la mwaka mzima. Funza wangeweza kuingia pale. Nikasema nitaitengeneza iwe mpya.

Nilingoja siku yake ya kupimwa presha, alipoenda mjini na yule ndugu yake mdogo. Nilitoa nje vyombo, kigoda, kuni. Sikutoa sufuria moja kubwa iliyofunikwa kifudifudi pembeni, ile ya akina mama wa kanisa waliyoisahau siku ya mazishi. Ilikuwa nzito na mimi nilikuwa na haraka. Niliizunguka.

Sijui kusema vizuri kilichotokea mikononi mwangu siku hiyo. Nilianza kwa ukuta wa mbali, nimepiga magoti. Mwanzoni nilipaka ovyo kama mpakaji rangi. Baadaye kidogo mkono ulianza kuzunguka wenyewe, nusu duara kutoka kulia, vidole vinne vimebanwa, na kila nusu duara ikikanyaga ukingo wa ile iliyotangulia mpaka sakafu ikawa kama mgongo wa samaki. Kila mwanamke wa kwetu ana mzunguko wake. Huu ulikuwa wa mama. Sikuwahi kufundishwa. Nilimtazama tu, utotoni, nikiwa nimekaa kizingitini nikisubiri ruhusa ya kuingia. Sauti ilikuwa ile ile, shwaa, shwaa, na nilikuwa peke yangu lakini sikuweza kuinua macho, kwa sababu nilihisi kwamba nikiinua nitakuta aliyekaa kizingitini anasubiri. Nilimaliza kinyumenyume mpaka nje, kama alivyomaliza yeye. Nilijivunia.

Baba alirudi saa tisa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, nami nikamfuata kama mtoto aliyefaulu mtihani. Alisimama mlangoni. Harufu mbichi ilitupiga usoni.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, Baba."

Alishuka polepole akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya sakafu mbichi, akapitisha vidole katika mistari yangu. Alihesabu. Nilimwona akihesabu.

"Minne," alisema. Akaangalia ukutani. "Aliposiriba mwisho, kabla ya ile Krismasi, kidole chake cha mwisho kilikuwa na kidonda. Alikifunga kitambaa, akakiinua. Nilimwambia aache, akasema nyumba haiwezi kuingia Krismasi na uso mchafu. Mistari yake ilikuwa mitatu."

Niliona mistari ile. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu asubuhi hiyo hiyo, mitatu mitatu, chini ya vumbi, na niliijaza udongo.

"Umemfuta," baba alisema. Hakupaza sauti.

*

Hakurudi jikoni. Siku mbili hakula, hata kwa mama mdogo aliyemletea mtindi na kumtania kama shemeji. Mama mdogo aliniita nyuma ya ua akaniuliza kwa nini sikumuuliza kabla. Yeye aliijua sakafu ile. Wanawake wote wa pale waliijua, ndiyo maana hakuna aliyeigusa mwaka mzima. Alisema hivyo bila ukali, na ukali ungenisaidia.

Mabati yalilia saa saba, na mimi nikaanza kusikia alichosikia baba. Nilikuwa na elimu yote ya fundi wa paa. Nilijua habari ya msumari. Bado nililala chali nikisubiri sauti ifuatayo, na kila ilipokuja niliona mtu amesimama na kibuyu cha maji, akitafuta mahali pa kukiweka.

Siku ya tatu baba alisema, huku anatazama nje, "Mpigie dada yako. Mwambie aje."

Mvua haikuwa imeanza. Dada alikuja hata hivyo, asubuhi, na gari la kuazima. Alimkuta baba amenyoa ndevu na amevaa koti, begi liko miguuni. Aliona dari, mapazia, mtungi, ua uliofagiwa na kunyunyiziwa. Alinishika mkono pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakutarajia mzee angekubali, kwamba alijiandaa kwa vita, na kwamba Mungu amenitumia. Nilimwambia si Mungu. Alidhani ninafanya unyenyekevu.

Ningeweza kumweleza. Nilisubiri aulize, naye hakuuliza, akaenda kupanga mito kiti cha mbele.

Baba alikuwa amesimama mbele ya mlango wa jikoni.

"Ile sufuria ya kanisa," aliniambia. "Itoe uwapelekee. Wasije wakasema nimeondoka na kitu chao."

Niliingia. Sakafu yangu ilikuwa imekauka vizuri sana, ngumu, nzuri, na nilikanyaga juu yake kama mtu anayekanyaga kitandani mwa mwingine. Nilishika sufuria masikio yote mawili nikaiinua.

Chini yake palikuwa na duara. Udongo wangu uliishia ukingoni, na ndani ya ukingo ule kulikuwa na sakafu ya zamani, isiyo na hata vumbi, kwa kuwa ilifunikwa tangu siku ya mazishi. Nusu duara mbili nzima na kipande cha tatu. Mistari mitatu, mitatu. Na pembeni ya kila mzunguko, doa dogo sana pale kitambaa cha kidole kilipogusa kwa bahati mbaya.

Nilimwita baba, lakini alikuwa tayari nyuma yangu. Alipumua puani kwa muda mrefu. Sikuthubutu kuweka sufuria chini, nilibaki nimeishika mikononi kama mtu aliyezuiwa mlangoni na mzigo. Dada alipiga honi mara moja.

Nikasema, "Baba, unaweza kubaki. Nitamwambia."

Niliamini atabaki. Nilichotumwa kumtunzia kilikuwa pale, upana wa sufuria. Alifikiri. Alinyoosha fimbo akagusa ukingo wa duara, upande wa udongo wangu, hakugusa ndani.

"Nilikuwa silali kwa sababu sikujua ameishia wapi," alisema. "Nilidhani yuko nje. Sasa nimeona aliko. Mtu ukijua mwenzako aliko, unaweza kulala hata Kitale."

Kisha akasema, "Rudisha sufuria. Hiyo watangoja." Na alipokuwa ameshafika kwenye gari, mlango umefunguliwa, akanitazama tena begi, ingawa halikuwa mkononi mwangu. Lilikuwa ndani, limetundikwa msumarini. "Wewe usiondoke," alisema.

*

Analala vizuri Kitale tangu siku ile. Dada ananiambia kwa simu kwamba anakoroma mpaka watoto wanalalamika, kwamba anakula na kuomba kuongezwa, kwamba hewa ya kule imemfaa. Anaamini ni hewa. Baba akipewa simu haongei mengi. Anauliza kama nimefungua madirisha mapema, kama mtungi una maji, kama nimenyunyiza ua au nimemwaga. Mwisho anauliza, "Yuko?" Nami nasema yuko. Halafu anakata bila kuaga.

Mimi sijawahi kukaa mahali pamoja miezi kumi na moja. Nimekaa. Malori ya mahindi yanapita barabarani, na masikio yangu huyafuata mpaka daraja, kisha yanarudi. Nyumba imekuwa tulivu, watu wanaopita husema hivyo, huingia na kuketi chini ya dari ya magunia na kunywa maji ya mtungi na kusema, bana, hapa kwenu kuna raha. Mimi nawachotea tena. Sijui kama nilimwokoa baba au nilimfukuza kwake. Anayelala vizuri kule Kitale ni yule yule aliyeapa hatatoka hapa akiwa hai, na aliyemtoa ni mkono wangu, mistari minne.

Juzi walikuja akina mama wawili wa kanisa, jua kali, jasho linawatiririka chini ya vitambaa vya kichwa. Kulikuwa na msiba upande wa Bokoli, na walikuwa wanakusanya vyombo vyao. Walikumbuka sufuria.

Huwezi kumnyima mfu sufuria. Niliwapa kigoda kivulini na maji ya baridi, nikaingia jikoni peke yangu. Niliiinua. Mistari ilikuwepo, ingawa ukingo mmoja umeanza kumomonyoka, na chungu wamepitisha njia yao katikati. Nilichukua ungo wa mama kutoka ukutani nikafunika. Ni mpana kuliko lile duara, unavuka kidogo juu ya sakafu yangu pande zote.

Niliwatolea sufuria, wakaibeba wawili, kila mmoja na sikio lake, na wakaniambia niwasalimie mzee. Nilirudi nyumba kubwa kujinyoosha. Ilikuwa saa saba. Niliteremsha pazia, nikalala chali juu ya mkeka, na juu ya magunia bati likalia mara moja, likanyamaza, kisha likalia mara mbili. Najua sababu yake. Nimewaeleza watu.

"Karibu," nikasema, na nikasogea upande mmoja wa mkeka.